Rangi Tuliyopaka Landrova

Harufu ya rangi ya mafuta inanichefua mpaka leo. Wenye jengo tunalopanga hapa Tunduma wakianza kupaka milango, mimi hubeba kiti changu nikaenda kukaa nje na makaratasi yangu ya forodha, na wenzangu hunitania kwamba nina mimba. Waache waseme. Rangi ninayoinusa mimi si ya milango yao. Ni ya kijani, nzito, iliyotiwa petroli ili iwe nyepesi, ikakorogwa kwa kijiti cha mbuni na kupakwa kwa brashi iliyokuwa ikipukutisha manyoya, mwezi wa sita, nyumbani kwetu Iyula, baridi ikiuma vidole na kahawa iliyomenywa ikinuka uchachu kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Aliyetunga methali hiyo, nina hakika, alikuwa na jambo lake analolificha.

Tulichokuwa tukikipaka ni gari la baba, Landrova kuukuu ya petroli aliyoinunua kwa wamisionari walipoletewa gari jipya. Upande wetu wa kilima halikuwepo jingine. Wajawazito walipelekwa nalo hospitali, majeneza yalirudi nalo, magunia ya kahawa yalishuka nalo, na kila Jumapili lilisimama mbele ya kanisa likiwa limeoshwa, baba akishuka taratibu ili watu wamwone anavyoshuka. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mlevi, hakutupiga ovyo, na hakuna mtu aliyelala njaa nyumbani mwake. Nayasema haya mapema nisije nikaambiwa namsingizia. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kusema "nimekosea." Angeweza kukupa mbuzi badala ya neno hilo. Mbuzi ungempata, neno usingelisikia.

Aliyekuwa akilitibu gari hilo ni mjomba Ambokile, mdogo wake mama, ndugu pekee aliyembakia baada ya wazazi wao kufa kule Ikinga, Ileje. Mama alimlea akiwa msichana tu, akimbeba mgongoni kwenda naye kuchimba viazi, na alipoolewa Mbozi alisema wazi kwamba mtoto huyu anakuja naye, asiyemtaka huyu asimtake na yeye. Kwa hiyo mjomba alikulia kwa baba vilevile. Wanyiha wa kwetu walimtania, "Wewe Mndali, milima yote hiyo umeshuka kwa miguu, magari umeyajulia wapi?" Naye alijibu kwamba aliyetembea sana ndiye anayejua thamani ya gari. Ufundi wa umeme wa magari alijifunza Tunduma, kwenye gereji za karibu na mpaka. Aliniita mjomba nami nikamwita mjomba, kama ilivyo desturi, na alinifundisha mengi kwa sababu hakuweza kufanya kazi kimya. Dainamo, alisema, ndiyo inayochota maji. Betri ni mtungi. Kile kiboksi cheusi kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa chuma ndani ya boneti ni mlango: unafunguka maji yakija, unajifunga yasirudi yalikotoka. Taa nyekundu pale mbele ya dereva ni mtoto anayelia. Ukiwasha gari atalia kidogo, na maji yakianza kuingia mtungini ananyamaza. Akiendelea kulia usimpige, tafuta kinachomuuma. "Na umeme, mjomba, lazima uwe na njia ya kurudi nyumbani. Kwenye gari njia yake ni bodi lenyewe, chuma kwa chuma." Nilielewa yote isipokuwa hilo la mwisho.

Mwezi huo ikaja habari kwamba askofu atafika kufungua kanisa letu jipya, na kwamba atachukuliwa Vwawa kwa gari la baba. Lo! Baba hakulala kitandani tena, alilala juu ya habari hiyo. Akaamua Landrova ipakwe rangi yote, nje na ndani, hata injini na kuta zake, maana askofu huenda akataka kufunguliwa boneti aibariki mashine. Mjomba hakuwepo wiki ile, alikuwa Isongole akitengeneza lori la mfanyabiashara mmoja. Baba akaleta madebe mawili ya rangi. Nje alipaka mwenyewe. Ndani ya boneti, palipotaka mikono midogo, akanipa mimi. Nilifurahi, sitadanganya. Nilipofika kwenye kile kiboksi nikapitisha brashi pembeni yake, lakini baba akasema nikifungue nipake na nyuma. Nikamuuliza nani ataona huko nyuma. "Mungu haangalii mbele tu, Anyesi," alisema, na akanipa bisibisi. Basi nikafungua, nikapaka, ikakauka kidogo nikapaka tena. Waya mweusi uliokuwa umebanwa chini ya skrubu mojawapo nao niliupaka ncha yake, na skrubu zenyewe nikazichovya ndani ya kopo zisishike kutu, halafu nikarudisha kila kitu mahali pake. Baba akachungulia, akasema nimefanya kazi ya mtu mzima. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu tena namna ile.

Siku ya pili yake taa nyekundu ikagoma kuzima. Baba alikanyaga mafuta mpaka kuku wakatawanyika, taa ikabaki palepale imekodoa. Mjomba aliporudi kutoka Isongole hakunywa hata chai. Alibonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba, ukawa umekaza vizuri. Akazifuata nyaya kwa vidole, moja moja, toka kwenye dainamo mpaka zinakoishia. Akaishusha dainamo, akatoa vile vipande viwili vya kaboni vinavyosugua ndani yake, akavipiga msasa, akapuliza vumbi, akarudisha. Taa bado. Ndipo akakitazama kile kiboksi kwa muda mrefu, rangi mpya iking'aa pande zote, akauliza, "Shemeji, kuna mtu amekigusa hiki?" Baba alikuwa amesimama na mzee Laiti, mzee mwenzake wa kanisa, aliyewahi kuwa dereva wa wamisionari na aliyeamini kwamba hakuna gari duniani asilolijua. Mzee Laiti alikuwa amekwishacheka na kusema, "Tangu lini mtu akapaka rangi injini?" Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfunga baba mdomo. Alisema, "Hakuna aliyekigusa. Tulipaka juu kwa juu."

Nilikuwa nimesimama palepale, rangi ya kijani ingali kwenye kucha zangu. Nilimtazama baba, baba hakunitazama. Kwetu mkubwa akishasema, mtoto anameza mate, nami nikayameza. Mjomba alikuwa na msemo wake kwamba gari halidanganyi, anayedanganya ni mwenye gari, na wateja wengine aliwaambia usoni bila woga. Siku hiyo hakuutumia. Mwenye gari alikuwa mume wa dada yake, aliyemlisha tangu utotoni, na kumuuliza mara ya pili ingekuwa kumvunjia heshima. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini baba alipojikwaa ulimi, aliyeumia kidole alikuwa mwingine.

Kwa kuwa kiboksi hakikuguswa, ikabaki dainamo. Mjomba akaifunga ndani ya gunia, akapanda gari la magunia kwenda nayo Tunduma, kwenye gereji yenye mashine ya kupimia. Alikaa siku tatu akingoja zamu. Wakaipima, wakaiona nzima kabisa, na kwa kuwa vijana wa gereji hawakuwa na kazi nyingine mchana ule wakaiosha kwa petroli na kuisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Alirudi nayo ikiwa safi, akaifunga. Taa bado. Akamwambia baba kwamba sasa lazima afungue kiboksi, nusu saa tu inatosha. Baba akakataa. "Umechezea vya kutosha. Askofu anakuja kesho." Mjomba hakubishana. Alichukua betri akaenda kuichaji kwenye mashine ya kusaga, akairudisha imejaa, akamwambia baba, "Itakufikisha Vwawa na kukurudisha, ila usiwashe taa za mbele. Ukiziwasha, maji yanatoka mtungini na hakuna anayechota." Baba akaitikia. Kisha, mjomba alipokwenda kuoga, nilimwona baba akichomoa kijitaa chekundu na kukitia mfukoni, ili askofu asije akauliza kwa nini kinawaka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo methali baba aliijua, aliwahi hata kuihubiri.

Asubuhi yake ukungu ulishuka Mbozi yote. Mimi nilipakiwa nyuma na maua ya kumpa askofu, mjomba pembeni yangu kwa ajili ya dharura. Kwenda Vwawa hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi askofu alikaa mbele, mnene na mpole, akisifia rangi ya gari, na baba alijaa sifa mpaka kola ikambana. Ukungu ulikuwa mzito hata mibuni ya kando ya barabara haikuonekana. Baba akawasha taa za mbele. Mjomba akainama mbele akasema taratibu, "Shemeji, taa." Baba akajibu bila kugeuka kwamba askofu wa Mungu hatapelekwa gizani. Tulikwenda hivyo mwendo wa robo saa hivi. Taa zikawa za njano, zikawa nyekundunyekundu, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Na ilizimia wapi? Ingekuwa mtelemkoni tungelisukuma likateleza, lakini betri ilikuwa imekauka kiasi kwamba hata kusukuma kusingesaidia, na tena tulikuwa tambarare, katikati ya tope. Askofu alishuka. Akapandisha kanzu yake, akatembea kwa miguu, viatu vikimnasa kila hatua, mimi nyuma yake na maua yangu, mpaka kanisani ambako kwaya ilikuwa imeimba nyimbo zake zote na kuanza upya. Watu walimwona askofu anatokea kwenye ukungu na tope mpaka magotini. Wengine walicheka. Baba aliwasikia.

Aibu ile ilitaka mwenyewe, nayo ilimpata kabla ya jioni. Mzee Laiti alifunua boneti, akaitazama dainamo inayong'aa, akasema, "Hii siyo ile. Ile ilikuwa nyeusi." Kwetu ukishataja Tunduma katika habari ya kitu kilichopotea, watu wanamalizia wenyewe: kinavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kinarudi kingine. Siku tatu Ambokile alikuwa akifanya nini huko? Wiki haikuisha mjomba akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mimi na mama tuliingia na birika na vikombe, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Mjomba alisimama katikati, mikono nyuma, akaeleza habari ya gereji, ya mashine ya kupimia, ya brashi ya waya. Akasema taa ilikuwa ikiwaka hata kabla hajaigusa dainamo. Baba akasema haikuwa ikiwaka vile. Mjomba akaomba jambo moja: "Nipeni nusu saa nikifungue kile kiboksi mbele yenu wote. Nilimuuliza shemeji kama kimeguswa, akasema hakijaguswa, nami nikamwamini. Labda kuna kutu." Baba akasema gari lake mwizi haligusi tena. Nilikuwa nimeshika birika. Sikujua kama rangi inaweza kuzuia umeme, hilo lazima niliseme, lakini nilijua kwamba kiboksi kilifunguliwa, na nilijua nani alinipa bisibisi. Nikamimina chai.

Wakaamua atengwe na Meza ya Bwana mpaka atakapoungama na kurudisha dainamo. Irudishwe dainamo gani, na imo ndani ya gari? Hakuna aliyeuliza. Nyumbani mama alimwambia baba, "Baba Anyesi, huyu nimemlea mgongoni." Baba akajibu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mjomba alikusanya koleo zake na bisibisi zake ndani ya sanduku la bati, akawaaga wote kwa adabu, hata baba, akaondoka asubuhi wakati tunafunua turubai za kahawa. Mama alimsindikiza mpaka barabarani na alirudi bila khanga yake ya mabegani. Alikuwa amempa afungie chakula. Baadaye tulisikia amevuka Nakonde. Watu wakasema, mnaona? Si tulisema?

Baba alikirudisha kile kijitaa chekundu mahali pake, akanunua dainamo nyingine, mzee Laiti akaifunga kwa mbwembwe zote. Taa ikawaka vilevile. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona hofu machoni mwa baba. Hakumwambia mtu. Alichaji betri, akasema anakwenda Tunduma kununua mbolea, akanichukua mimi nikamshikie vitu. Tulisimama kwa fundi mmoja Mnamwanga, mzee mfupi aliyekuwa akila muwa. Baba alimweleza shida, akamwonyesha dainamo zote mbili. Fundi hakuzigusa. Alichukua kipande cha waya, ncha moja akaiweka kwenye kiboksi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia baba akanyage mafuta. Taa ikazima. Akaondoa waya, ikawaka. Akaweka, ikazima. Akacheka peke yake, akafungua skrubu, akakwangua rangi nyuma ya kiboksi kwa kisu kilekile cha muwa mpaka chuma kikaonekana cheupe, akakwangua na skrubu, akafunga. Hata muwa wake haukuwa umeisha, nami nikaielewa hatimaye ile njia ya umeme ya kurudi nyumbani: rangi ilikuwa imeiziba. "Mzee," akauliza, "nani alipaka rangi hapa ndani?" Safari hii baba alinitazama.

Akasema gari alilinunua hivyo. Fundi akaipima na ile dainamo yetu ya zamani, akasema ni nzima, tena ni bora kuliko hii mpya, atairudisha akitaka. Baba akasema iwekwe nyuma tu. Tulirudi Iyula kimya, taa za mbele zikiwaka mchana kweupe kwa sababu baba alikuwa akizijaribu. Karibu na nyumbani alisimamisha gari. Nilidhani atasema tuliyoyaona, au atageuza tukamfuate mjomba, maana tulikuwa tumetoka kule alikokuwa, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Alisema, "Mambo ya mafundi hayana haja ya kupelekwa nyumbani. Umesikia?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Nilimwelewa hata katika umri ule. Aliyemsingizia mwenzake mbele ya wazee naye hutengwa, tena kwa mzee wa kanisa ni mara mbili. Ilikuwa lazima mmoja akose Meza ya Bwana, na baba alichagua asiwe yeye. Jumapili iliyofuata alipokea mkate na divai, nami nilikuwa kwenye benchi la watoto nikimtazama anavyotafuna.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya baba imekwenda miaka ishirini na sita na haijafika mwisho. Na yangu je? Mimi niliyesomeshwa, niliyejifunza kudai haki za wateja kwa barua zenye mihuri, nimefanya kazi Tunduma mwaka wa tisa huu. Dirisha la ofisi yetu linatazama Nakonde. Malori ninayoyaandalia karatasi yanavuka kila siku, na siku hizi mpaka wenyewe umekuwa mwepesi, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Nimevuka mara nyingi kununua sukari na vitenge. Kumtafuta mjomba sikuwahi. Nilijiambia huenda amehamia mbali, Lusaka au Kitwe, nilijiambia nitaenda mwezi ujao. Uongo mtupu. Niliogopa kumpata.

Krismasi iliyopita tulikutana wote Iyula. Mdogo wangu wa mwisho alikuja na gari lake jipya, lile lenye kioo kinachokuandikia ugonjwa wake lenyewe, na akawa anawaonyesha watoto: ona, hapa linasema betri haipokei chaji, hapa linasema tairi. Baba, ambaye sasa anatembelea fimbo, akasema zamani hapakuwa na vioo, mtu aliweza kukuibia dainamo ukiwa umesimama. Na akaanza kuwasimulia wajukuu. Shemeji yake Mndali, Tunduma, siku tatu, Nakonde. Alikuwa ameshaisimulia mara nyingi hata akaitia vichekesho. Watoto wakacheka. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo babu huyo alikuwa mwizi?" Baba akasema, "Wa kuzaliwa." Sijui ni nini kilichonipanda. Nilisikia sauti yangu imekuwa kubwa. "Baba, ilikuwa rangi. Nilipaka mimi nyuma ya kiboksi, ulinipa bisibisi wewe, na fundi wa Tunduma alikuonyesha. Tulikuwepo wote wawili."

Mama alikuwa akipakua wali. Aliendelea kupakua mpaka sahani ikajaa, akaiweka chini, akafuta mikono. Nilitarajia kilio. Alisema, "Nilijua." Baba akageuza shingo. "Siku ile mliporudi kutoka Tunduma gari limepona, linawaka taa, na wewe hukusema neno, Baba Anyesi. Mtu aliyeibiwa akipata ushahidi hanyamazi, angepita nyumba hadi nyumba. Nilijua kabla hujazima injini." Kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie. Nilimkatia tamaa huyu mapema. Wewe nilikungoja." Baba alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hayo yamekwishapita. Mama akasema, "Hayajapita. Yako Nakonde."

Nilivuka Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu. Yule niliyeogopa kumtafuta kwa miaka tisa nilimpata kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuuliza watu wawili. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara ya malori, amezungukwa na betri na stata zilizofumuliwa, ndevu zimeingia mvi, na alikuwa akimwitikia dereva mmoja kwa Kibemba, eya mukwai, eya mukwai, ndiyo bwana, kama mtu aliyezaliwa kule. Nilipomwamkia kwa Kiswahili aligeuka, akanitazama uso wote, akajua. Hakunikumbatia wala hakunifukuza. Alinisogezea ndoo iliyofunikwa ubao nikae. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: brashi, bisibisi, skrubu nilizozichovya, birika nililolishika siku ya wazee, kisu cha yule Mnamwanga, kimya chetu njiani. Nililia, yeye hakulia. Nikamwambia dada yake bado yuko hai na anamsubiri, na kwamba gari lipo nje, anaweza kuja nami leo hii.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akigeuza stata mikononi. Halafu akaniuliza jambo moja tu.

"Shemeji ndiye aliyekutuma?"

Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe.

Akaokota koleo, akainamia kazi yake.

"Basi bado," akasema.